Kwa Nini Dubwana Halionekani: Filamu za Viumbe wa Angani Zinapotengenezwa Bila Pesa

Filamu ndogo ya kutisha kuhusu viumbe wa angani ikiwekwa kwenye ukumbi wa video, iwe Katuba, Kamalondo au komuni ya Kenya, mitaa ya mji wetu wa Lubumbashi huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ikifika dakika ya arobaini hivi hakosi mtu wa kupaza sauti kutoka nyuma: "Sasa hiyo nyama yenyewe tutaiona saa ngapi?" Nyama, kwa Kiswahili cha huku, ni mnyama. Ukumbi unacheka, lakini swali ni la haki. Bango la mlangoni lilikuwa na meno, mikia na miji inayoungua. Kwenye skrini kuna watu wawili wanatembea porini, wanagombana, wanasikia kishindo, wanakimbia. Dubwana hakuna.

Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni kwamba watengenezaji hawakuwa na pesa. Ni kweli, ila jibu hilo limefunga mambo matatu kwenye furushi moja: pesa zinaishia wapi, kwa nini dubwana ni ghali kuliko kitu kingine chochote kwenye filamu, na kwa nini baadhi ya filamu hizi zinatisha kuliko zile zilizomwagiwa mamilioni. Vijana wengi wa Lubumbashi wana simu zenye kamera nzuri na hamu ya kujaribu, na karibu wote huanza kwa kuuliza dubwana litafananaje. Mimi naona hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni nani analiona, lini, na kutoka umbali gani. Mfuko mtupu ndio unaolijibu swali hilo kwa niaba yako, na ukiusikiliza vizuri unakupa nusu ya filamu.

Tuanze na tarakimu, maana ndizo zinazodanganya zaidi. Mfano unaotajwa kila mara ni Monsters, filamu ya Mwingereza Gareth Edwards ya mwaka 2010: mwanamume na mwanamke wanavuka eneo la Meksiko lililofungwa baada ya viumbe kutoka nje ya dunia kusambaa humo. Ilipotoka ulivuma uvumi kwamba iligharimu dola 15,000. Hiyo ilikuwa bei ya vifaa vya kupigia picha. Gharama nzima ilikuwa chini ya dola 500,000, ambazo kwa sinema ya kimataifa ni senti, lakini kwa mtu wa Kampemba ni utajiri. Paranormal Activity, filamu ya pepo wa nyumbani iliyopigwa na Oren Peli ndani ya nyumba yake mwenyewe, nayo inatajwa kwa dola hizo hizo 15,000. Kinachosahauliwa ni kwamba kampuni kubwa ilipoichukua iliongeza pesa za kuirekebisha, kisha ikamwaga nyingine nyingi zaidi kuitangaza. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba filamu fulani ilitengenezwa kwa bei ya pikipiki, uliza nani hakulipwa. Mara nyingi ni mwongozaji mwenyewe, rafiki zake, na mwenye nyumba.

Hapa kwetu hesabu ina mistari yake. Kuna usafiri wa watu kumi na kamera mbili kutoka mjini hadi porini na kurudi. Kuna petroli ya jenereta. Kuna karatasi ya ruhusa, kwa sababu ukitoa kamera kubwa barabarani utapata wageni wenye maswali kabla hujapata picha. Na kuna chakula. Mtu anaweza kukuigizia bure siku nzima, lakini sufuria ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu) saa saba mchana ndiyo itakayomrudisha kesho. Nimeona filamu ikifa siku ya tatu kwa sababu aliyeshika pesa alinunua taa badala ya unga.

Kitu kingine kinachochanganywa: filamu ya bei ndogo si lazima iwe filamu huru. Uhuru ni habari ya nani anaamua. Alien, filamu ya mwaka 1979 ya dubwana ndani ya chombo cha angani, ilikuwa na dola milioni 11 hivi na kampuni kubwa nyuma yake, na hakuna anayeiita huru. Lakini hata filamu ya dola elfu mbili, ikilipiwa na shirika linalotaka ujumbe wa kunawa mikono uonekane mara tano, haina uhuru wowote. Filamu za uhamasishaji zimewafundisha kazi wapigapicha wengi nchini, hilo siwezi kulikana, ila zimewazoesha pia kueleza kila kitu. Na dubwana likielezwa kila kitu, kwisha.

Sasa tuje kwenye bei ya dubwana lenyewe.

Filamu ni fremu, yaani picha tuli, 24 kwa sekunde. Dubwana la kompyuta linalopita nyuma ya nyumba kwa sekunde tano linahitaji fremu 120, na kwa kila fremu kompyuta inakokotoa mwanga unavyoigonga ngozi, kivuli kinaangukia wapi, kipi kiko mbele na kipi nyuma. Tuseme kwenye kompyuta ya kawaida kila fremu inachukua dakika kumi. Fremu 120 ni dakika 1,200, yaani saa 20 za mashine kuunguruma mfululizo. Hizo ni sekunde tano tu, tena kama hukukosea. Asubuhi ukikuta kivuli kimeelekea upande lilipo jua, unarudia.

Katika mtaa ambako umeme unakuja usiku wa manane na kuaga alfajiri, saa 20 ni kazi ya siku nne. Ndiyo maana wenye uzoefu hawaiagizi programu itoe video moja kwa moja. Wanaiagiza itoe fremu moja moja, kila moja na faili lake: 0001, 0002, 0003. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 87, umepoteza hiyo tu, na ukirudi unaanzia hapo hapo. Aliyeagiza video nzima anarudi kwenye faili lisilofunguka. Ni jambo dogo ambalo limewaliza watu wazima.

Programu yenyewe si kisingizio tena. Blender, iliyoanzia Uholanzi, imekuwa huria tangu 2002, na mtu anaipakua bila kulipa hata franga. Filamu ya katuni ya Latvia, Flow, ilitengenezwa kwa Blender na ikachukua Oscar mwaka 2025. Ila upakuaji haukupi jicho. Dubwana la kompyuta likionekana bandia, watu husema "meno yake si ya kweli", wakati kilicholisaliti ni miguu. Mtazamaji anajua tangu utotoni kitu kizito kikikanyaga kinafanya nini: udongo unabonyea, vumbi linaruka, majani yanalala, kivuli cheusi kinajibana chini ya unyayo. Kukosa kimoja kati ya hivyo kunatosha, dubwana linaanza kuelea. Wenye pesa wanalipa watu kadhaa kushughulika na nyayo peke yake. Asiye na pesa anazikata: ukuta wa matofali, nyasi ndefu, gari lililoegeshwa, chochote kinachosimama kati ya kamera na ardhi.

Edwards alizitengeneza mwenyewe nyumbani kwake picha zipatazo 250 zilizoguswa na kompyuta. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuwa madubwana. Alibandika mabango ya tahadhari barabarani, akaweka vifaru na mabaki ya ndege pasipokuwa na kitu, akainua ukuta mkubwa mpakani. Bango halitembei, halina misuli, kivuli chake hakibadiliki. Kwa kazi ya siku moja mtazamaji anaamini kwamba nchi nzima imeishi na viumbe hao kwa miaka. Watu wengi wanaoonekana kwenye filamu hiyo walikuwa wenyeji waliokutwa hapo hapo, wakaambiwa hali ilivyo na kuachwa waseme kwa maneno yao. Kikosi kilirudi na saa mia moja hivi za picha, na filamu ikatoka kwenye meza ya uhariri ikiwa na dakika 94.

Kuachia watu waseme kwa maneno yao si ugeni Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo, ambalo wazazi wetu walilifuata redioni na kwenye televisheni, lilijenga michezo yake bila maandishi: watu wanakubaliana mada, wanapanga nani anaingia lini, halafu Kiswahili cha mji kinafanya kazi iliyobaki. Ningekuwa natengeneza filamu ya viumbe wa angani leo, ningewatafuta watu waliolelewa na michezo hiyo kabla ya kutafuta mtu wa kompyuta. Mama wa sokoni akisema kwa sauti ya uchovu, "Tangu vile vitu vianguke, hata mbwa habweki upande ule," ameniokolea saa 20 za fremu.

Lakini tusiwape kompyuta heshima yote. Kuna njia mbili za zamani ambazo bado ni za bei nafuu.

Moja ni mtu ndani ya vazi. Godzilla ya Japani, mwaka 1954, ilikuwa hivyo: mwigizaji Haruo Nakajima alitembea ndani ya vazi la kilo zipatazo mia moja kati ya nyumba za kuchezea. Dubwana la Alien nalo lilikuwa mtu, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisoma London, Bolaji Badejo, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili na mikono na miguu myembamba kupita kiasi. Walimchagua kwa sababu jicho linamtambua mwanadamu kwa uwiano wa viungo vyake kabla ya kuona sura. Ukivunja uwiano huo, nusu ya kazi imekwisha. Kinyume chake ni Dark Star ya 1974, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi kwa dola 60,000 hivi, ambamo kiumbe wa angani alikuwa mpira wa ufukweni uliowekwa miguu. Watu walicheka, na ndivyo ilivyokusudiwa. Dan O'Bannon, aliyeiandika pamoja na mwongozaji wake John Carpenter, alitoka hapo akitaka kiumbe asiyechekesha, na miaka mitano baadaye jina lake lilikuwa kwenye Alien.

Njia ya pili ni kielelezo kidogo, na hapa simu imeleta mapinduzi ambayo naona hayajatumiwa ipasavyo. Kielelezo cha udongo na waya chenye sentimita 40 kikipigwa picha kikianguka, kinaonekana kile kilivyo: mdoli. Tatizo haliko kwenye sura, liko kwenye saa. Kitu kikidondoka kutoka mita 10 kinachukua karibu sekunde moja na nusu kufika chini. Kutoka sentimita 40 kinachukua chini ya theluthi moja ya sekunde. Tofauti ni mara tano, ingawa urefu umetofautiana mara 25. Kanuni ni kipeuo cha pili cha ukubwa. Kwa hiyo ukitaka sentimita 40 zisomeke kama mita 10, lazima mwendo upunguzwe mara tano. Na simu nyingi siku hizi zinapiga fremu 120 kwa sekunde. Zicheze kwa 24, umepata mara tano kamili, bila programu, bila kusubiri.

Kuna masharti. Fremu 120 zinataka mwanga mwingi, kwa hiyo piga saa sita mchana, jua la Katanga ni la bure. Usitumie maji wala moto, kwa sababu tone la maji halikubali kuwa dogo; litaonekana kubwa kama tikiti. Vumbi linakubali, mradi umelichekecha. Na weka kamera chini kabisa, mahali ambapo jicho la binadamu lingekuwa kama kweli kungekuwa na kitu cha mita 10 mbele yake.

Nilikaa na kundi moja la vijana Katuba waliokuwa wakipiga namna hiyo nyuma ya nyumba ya mama mmoja, penye kichuguu. Asiyeijua Lubumbashi anaweza kudhani kichuguu ni kitu cha kujikwaa. Vya huku vina mita kadhaa, vingine vinafikia nane, vipana kuliko nyumba, na mji umejengwa ukivizunguka. Mdogo wao mmoja alikuwa na wazo, akamwambia mkubwa wao.

"Yaya, tukitoboa hapa kando, nyama inaweza kutokea ndani."

"Usitoboe. Mama anatoa hapa udongo wa matofali."

"Basi itokee kwa nyuma."

"Ikitokea kwa nyuma tutaona nini?"

"Tutaona mbuzi wanakimbia."

Waliwapiga picha mbuzi, wakawafukuza mara nne mpaka mwenye mbuzi akatoka kuuliza. Kipande hicho, mbuzi watatu wakiliangalia jambo lililo nyuma ya kichuguu kisha wakatawanyika, kilikuwa bora kuliko kielelezo chao cha udongo, ambacho mkono wake mmoja ulikuwa umekatika. Mbuzi hawajui kuigiza. Mtazamaji anawaamini.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali la tatu, la woga. Kuficha kunatisha pale tu kilichofichwa kinaacha alama, na alama hizo zinaafikiana. Wazee wa Katanga wanaijua sanaa hii tangu enzi za ukoloni, kwa jina la batumbula, au simba bulaya, waliodaiwa kuwawinda watu usiku kwa ajili ya Wazungu. Aliyewaona hasa alikuwa adimu. Kila mtu lakini alijua wanapita njia gani, saa ngapi usitoke, na jirani gani hakurudi. Hadithi ilisimama juu ya ratiba na mipaka, na miguu ya watu ilizifuata. Miaka ya 1970 wachoraji wa mji huu, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wa waliojulikana zaidi kwa picha zake za historia, walikuwa wakiuza picha za simba bulaya pamoja na zile za mamba muntu, yule nguva wa majini, zilizotundikwa sebuleni. Mchoraji hana uchaguzi, lazima aonyeshe. Msimulizi anao. Filamu iko katikati ya hao wawili, na filamu ya bei ndogo inafanya vyema ikimsogelea msimulizi.

Lakini kuna jambo linaloitenganisha filamu ya viumbe wa angani na filamu za uchawi, ambazo tunazo tele. Mchawi anaweza kufanya lolote, ndiyo maana hatuna la kufanya ila kuomba. Kiumbe wa sayansi ya kubuni ana sheria. Anafuata mwanga, au anafuata sauti, au hawezi kuvuka maji, au hutaga mayai kwenye shaba. Sheria ikishawekwa haivunjwi, hata kama kuivunja kungeleta tukio tamu. Watazamaji hujifunza sheria hiyo polepole pamoja na wahusika, na woga unazaliwa pale mtazamaji anapoielewa sekunde chache kabla ya mhusika. Mtoto anawasha tochi. Ukumbi mzima unasema: "Zima!" Hakuna dubwana kwenye picha hiyo, na gharama yake ni betri mbili.

Nadhani filamu nyingi za vijana zinaanguka hapa kuliko kwenye ifekti. Dubwana linaogopa moto asubuhi, jioni linapita motoni, usiku linaongea Kifaransa. Wanasema ni kwa sababu hawakuwa na pesa. Kuandika sheria tatu kwenye daftari na kuziheshimu hakuhitaji hata senti moja.

Ukishakuwa na sheria, mahali nako kunaanza kukufanyia kazi, na Katanga imejaa mahali ambapo Hollywood ingelazimika kujenga. Kuna maeneo ya wazi katikati ya miombo ambako miti haioti kwa sababu udongo umejaa shaba na kobalti, na mimea michache tu iliyozoea sumu hiyo ndiyo inayostawi. Wachimbaji wa zamani waliifuata mimea hiyo kutafuta madini. Kuna mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mlima ambao kwa miaka umekuwa ukichotwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Kuna kijani cha malakiti, jiwe lenye shaba, juu ya udongo mwekundu. Hapa hubuni sayari nyingine, unapiga picha. Kwa ruhusa, narudia, maana sehemu hizo zina walinzi.

Na uhusiano wa Katanga na madubwana ya sinema una mizizi mirefu kuliko watu wanavyodhani. Godzilla alizaliwa katika hofu ya bomu la nyuklia, miaka tisa baada ya Hiroshima, mwaka ule ule ambao majaribio ya Marekani ya bomu la haidrojeni yaliwanyeshea majivu wavuvi wa Kijapani. Uranimu ya bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, jirani na Likasi, ilichimbwa na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ikauzwa Marekani. Madubwana yote ya miaka ya 1950 yaliyoamshwa na mionzi yana, kwa namna fulani, mjomba huku kwetu. Halafu kuna mkasa wa OTRAG, kampuni ya Kijerumani iliyopewa eneo kubwa kaskazini mwa Shaba, jina la Katanga wakati huo, na kurusha roketi kutoka huko mwaka 1977 na 1978. Roketi iliyorushwa mbele ya Rais Mobutu mwenyewe iliharibika na kuanguka. Kituo kilifungwa. Mtu anayetafuta mwanzo wa hadithi, kitu kilichoanguka porini mwaka 1978 na hakuna aliyeenda kukitazama vizuri, amewekewa mezani.

Sauti nimeichelewesha kwa makusudi, kwa sababu ndiko ambako ningeweka pesa yote kama ningekuwa na pesa kidogo. Picha mbaya watu wanaivumilia. Sauti mbaya inawatoa nje. Na dubwana lisiloonekana ni sauti tupu. Mlio wa Godzilla ulipatikana kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, ikasuguliwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za besi kubwa ya orkestra, kisha kanda ikapunguzwa kasi. Kanuni bado ni ile ile: ukiicheza sauti kwa nusu ya kasi yake inashuka oktava moja na kurefuka maradufu. Mlio wa mbuzi ukipunguzwa nusu mara mbili haumfanyi tena mtu afikirie mbuzi. Kile kitetemeshi cha kooni kinakuwa ngurumo yenye mikatiko, kama kitu kikubwa kinachovuta hewa kwa shida. Bawaba ya lango la chuma, mashini ya kusaga mahindi ikisikika kutoka ndani ya chumba cha pili, kijiko kikikwaruza sufuria: vyote ni vya bure. Rekodi usiku wa Juni au Julai, baridi imeshika, mvua hakuna, vyura kimya, na maikrofoni ya bei rahisi itakupa sauti safi kuliko ya mwezi wa kwanza.

Majirani zetu wa Kampala wanajua nguvu ya sauti kuliko wengi. Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga kwa pesa ambazo mwenyewe anasema hazikufika dola 200, ni filamu ya mapigano, si ya madubwana, ila nakala iliyobaki na kuenea duniani ni ile yenye sauti ya msimulizi juu yake, VJ Emmie, akichekesha, akitisha, akitangaza kinachokuja. Sauti ya mtu mmoja ilijaza mapengo yote ya picha. Wapenzi wa filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tatizo ambalo vitabu vya ufundi haviligusi, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya kumbi zenye giza. Ushauri wa kawaida kwa asiye na pesa ni "ficha dubwana gizani". Huku ushauri huo unaua filamu. Watu wengi wataitazama kwenye simu, mchana, nje, mwangaza wa skrini ukiwa chini ili kuokoa chaji. Au ukumbini, ambako jua linapenya kwenye misumari ya mabati. Giza lako zuri linageuka kuwa kioo kinachomwonyesha mtazamaji uso wake. Zaidi ya hapo, video ikibanwa ili itumwe kwa WhatsApp bila kumaliza megabaiti, sehemu za giza ndizo zinazotolewa kafara kwanza: kivuli laini kinakuwa miraba inayocheza, na dubwana linafanana na hitilafu ya simu. Sauti nayo ina kisa chake. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi ya chini, kwa hiyo ile ngurumo uliyoisikia kwenye vipaza sauti vikubwa inatoweka kabisa. Lazima uichanganye na kitu chembamba kinachokwaruza, ile bawaba, ile sufuria, ili sikio lipate cha kushika.

Kwa hiyo ficha mchana. Ficha nyuma ya kichuguu, ndani ya vumbi la Agosti, katika moshi wa majani yanayochomwa, nyuma ya shuka zilizoanikwa ambazo moja wapo inasogea kinyume na upepo. Dubwana la mchana lina faida nyingine: mtazamaji hawezi kusema hakuliona kwa sababu ya giza. Aliona kila kitu kilichokuwepo, ila kichuguu kiko njiani. Na zile sekunde tano ulizolipia kwa saa 20 za kompyuta, usiziweke mwisho kama fataki za Mwaka Mpya. Ziweke baada ya theluthi mbili za filamu, zikate wakati mtazamaji ndiyo kwanza anaanza kuelewa anachokiona, halafu mwache abaki nacho kwa dakika ishirini zilizobaki.

Kabla ya kuionyesha popote, iweke kwenye simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata, ile yenye ufa kwenye kioo, toka nayo barabarani saa saba mchana, na umpe mtu asiyeijua hadithi. Usimwambie chochote. Akikurudishia na kuuliza kwa nini yule mtoto aliwasha tochi, kipande cha kurekebisha unakijua. Akiendelea kutazama na pikipiki zinampigia honi, iache kama ilivyo.